Filla Haina Dhambi, Mwenye Dhambi ni Afichaye

Kuna neno moja ambalo likitajwa mbele ya mwenye gari la zamani, hukunja uso kama mtu aliyelamba shubiri. Neno hilo ni filla. Mwambie mtu kwamba Peugeot yake ya mwaka 1965 imetiwa filla ubavuni, nawe ni kama umemwambia kwamba mali yake ni bandia, na pengine umemvunjia heshima mbele ya watu. Atakuapia kwamba gari lake ni bati tupu tangu boneti hadi buti. Na huenda anaapa bila kujua, maana aliyemwuzia naye alimwapia vivyo hivyo.

Upande wa pili wako wale ambao kwao filla ni dawa ya kila maradhi. Gari likiwa na bonde, filla. Likiwa na ufa, filla. Likiwa na tundu la kupitisha ngumi, filla vilevile, mradi jioni lipigwe rangi na asubuhi litembezwe mjini likimetameta. Hawa hawaoni haya yoyote. Ukiwauliza watakujibu kwamba gari ni la kutazamwa, wala hakuna mnunuzi anayekuja na patasi.

Makundi haya mawili yanabishana kila siku barazani, na kwa maoni yangu yote mawili yamekosea njia. Filla ni chombo cha kazi kama zilivyo nyundo na msasa, na ina mahali pake. Kinachotuharibia magari yetu, na kinachoharibu biashara baina ya ndugu na ndugu, ni kuitumia filla kufunika kilichooza na kisha kunyamaza. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, ndugu msomaji, bila ya kuoneana haya.

Mambo ya gereji na utamaduni

Huenda mtu akauliza, mambo ya gereji yameingiaje katika ukurasa wa utamaduni? Jawabu ni kwamba gari kuukuu lililotunzwa lina habari za kusimulia kama ulivyo mlango wa nakshi wa Mji wa Kale. Peugeot 404, ambayo umbo lake lilichorwa na jumba la usanifu la Pininfarina la Italia na ikaanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, ilishinda mbio za Safari mara nne, yaani miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504, iliyotoka mwaka 1968, ikashinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe nayo ilikuwa na sifa zake katika mbio hizo tangu zilipoanza mwaka 1953. Ama Land Rover, iliyozaliwa Uingereza mwaka 1948, ni nani katika pwani hii asiyeijua sauti yake?

Magari haya ndiyo yaliyobeba maharusi na zawadi zao, yaliyokimbiza wagonjwa hospitali usiku wa manane, na yaliyopakia watu saba na mizigo yao hata bodi ikalala juu ya magurudumu. Leo wapo wanaoyatafuta na kuyafufua, vijana na wazee. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano maalumu ya Safari kwa magari ya zamani, na watu wameona kwamba kilichodhaniwa kuwa chuma chakavu kina thamani. Penye thamani hapakosi tamaa, na penye tamaa filla huwa nyingi.

Ni kitu gani hiki?

Kwanza tujue twazungumza juu ya nini. Filla ya gari ni gundi nzito ya polista iliyochanganywa na unga laini wa jiwe liitwalo talki, jiwe lile lile ambalo kwa miaka mingi lilisagwa kufanywa poda ya watoto. Ikiwa ndani ya mkebe ni laini kama uji mzito. Fundi huichukua kwa kibapa, akatia hadena kidogo sana, yapata sehemu mbili katika mia kwa uzani, akakoroga mpaka rangi ikawa moja. Tangu hapo ana dakika chache tu za kuipaka kabla haijaganda, na kwa joto letu la Mombasa dakika hizo hupungua zaidi. Akizidisha hadena ili amalize haraka, doa hupenya na kujitokeza juu ya rangi baadaye. Akipunguza, filla haikauki sawasawa, hubaki yanata chini kwa chini.

Kabla ya filla hii kuenea, jambo lililoanza katika miaka ya 1950, mafundi wa Ulaya na Marekani walijaza mabonde kwa lehemu yenye risasi nyingi. Waliilainisha kwa moto, wakaitandaza kwa kibao, kisha wakailainisha kwa tupa. Hata viwandani, magari mengi yalitoka yakiwa na lehemu hiyo mahali bati moja lilipoungana na jingine, kama vile pembe ya paa inaposhuka kwenye nguzo ya mlango. Basi yule ajivunaye kwamba magari ya zamani yalitoka kiwandani ni bati tupu bila ya kujazwa chochote, na ajue kwamba wenye viwanda wenyewe walijaza. Walichojaza ni risasi, ambayo vumbi lake na moshi wake ni sumu kwa aivutaye. Filla ya polista ilipokuja, mafundi waliipokea kwa furaha kwa kuwa ilikuwa rahisi kufanyia kazi na iliwaepusha na sumu ile, ingawa vumbi la filla nalo si la kuvutwa, na fundi mwenye kujipenda hufunika pua na kinywa anapopiga msasa.

Kazi ya nyundo kwanza

Sasa tutazame kazi ilivyo inapofanywa na fundi ajuaye. Gari limegongwa ubavuni, bati limeingia ndani. Fundi hukwangua rangi mpaka akaona chuma kinang'aa. Hushika fuawe ndogo mkononi, akaiweka upande wa ndani wa bati, na kwa nje akagonga kwa nyundo ya uso mpana, pole pole, akianzia pembeni mwa bonde akielekea katikati. Kila baada ya mapigo machache hupitisha kiganja chake juu ya bati, pengine akiweka kitambaa chembamba chini ya kiganja, maana kiganja huona kisichoonwa na jicho. Mahali bati lilipotanuka hulipasha moto, kisha hulipoza kwa kitambaa kilicholowa, nalo hujikusanya.

Bati la magari haya ni jembamba, yapata milimita moja. Huwezi kuligonga milele. Likigongwa kupita kiasi hutanuka na kuwa legelege, na likikwanguliwa kwa tupa ili lionekane laini, hupungua unene mpaka likawa kama karatasi. Hapo ndipo fundi mwenye busara husema sasa yatosha. Amelirudisha bati karibu kabisa na umbo lake, na kilichobaki ni vijibonde vidogo ambavyo rangi mpya ingevitangaza kwa kila mpita njia. Hupiga msasa wa mchanga mkali ili chuma kipate mikwaruzo ya kushikia, akapaka filla kwa wembamba, kisha akaipiga msasa mpaka sehemu kubwa yake ikawa vumbi sakafuni. Kinachobaki juu ya bati ni ngozi tu. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba filla isizidi milimita 3, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi.

Nani anaweza kusema kwamba kazi hii ni ya uongo? Seremala wetu wamelainisha mbao tangu zamani kwa majani ya mti uitwao msasa, majani yenye makali kama ulimi wa paka, na kutoka kwa mti huo ndipo lilipotoka jina la karatasi hii ya leo. Kulainisha ni sehemu ya ufundi. Aliyetoa jasho kwa nyundo ana haki ya kumalizia kwa filla, na asitokee mtu kumwita mwongo.

Uzuri wa mkakasi

Ubaya huanza pale nyundo inaporukwa. Tuseme gari lina kutu chini ya mlango. Kutu hiyo imelila bati mpaka ukibonyeza kwa kidole kinapita. Dawa yake inajulikana: kukata sehemu yote iliyooza mpaka kufikia chuma kizima, kukata bati jipya la kiasi hicho, kulikunja lifuate umbo, kulichomelea, kupaka dawa ya kuzuia kutu pande zote mbili, kisha ndiyo filla nyembamba juu ya maungio. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mara nyingi huzaa kazi nyingine, kwa kuwa ukikata kutu moja unaikuta nduguye imejificha nyuma.

Asiyetaka taabu hufanya vingine. Huchukua gazeti la jana akalikunja na kulisokomeza ndani ya tundu, au kipande cha wavu wa banda la kuku, akamimina filla juu yake kama mtu akandikaye nyumba ya udongo. Akapiga msasa, akapiga rangi, na jioni gari limekuwa bibi arusi. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti. Hapa hata hicho kipande cha mti hakipo, ni gazeti.

Basi na tuone linalotokea baadaye, maana hili ndilo linalotuhusu sisi watu wa pwani kuliko watu wa bara. Ule unga wa talki ulio ndani ya filla hunywa maji. Ndiyo maana fundi mzuri haipigi msasa wa maji filla iliyo wazi, wala haiachi usiku kucha nje bila ya kuifunika kwa praima. Filla iliyozibia tundu iko wazi kwa upande wa ndani, ambako hakuna rangi wala praima. Maji ya masika yakirushwa na gurudumu huingia huko. Hewa yetu ina chumvi usiku na mchana, kaskazi na kusi, na chumvi ndiyo inayoiharakisha kutu. Filla hulowa, huupeleka unyevu kwenye chuma kilichobaki, na kutu huendelea kula gizani ambako hakuna anayeiona. Nayo kutu ina tabia moja: hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Basi huvimba na kuisukuma filla nje. Kwanza kinatoka kipele kimoja kwenye rangi, kama cha tetekuwanga. Halafu viwili. Halafu siku moja mwenye gari anafunga mlango kwa nguvu kidogo, na kipande kizima kinaanguka chini kama kigae.

Kama hasara ingekuwa ya rangi tu tungesema ni bahati mbaya. Lakini Peugeot 404 na 504 hazina fremu ya pekee chini yake iliyobeba bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa ya gari. Zile boriti za bati zipitazo chini ya milango, mbele hadi nyuma, ndizo zinazoshikilia gari lisikunjike katikati. Volkswagen ile ya kobe nayo hutegemea mifereji ya bati ipitayo chini ya milango yake. Filla haibebi uzito wowote. Ukijaza boriti iliyooza kwa filla, gari litapendeza likiwa limesimama, na siku litakapogongwa ubavuni hapatakuwa na kitu baina ya watoto walioketi nyuma na gari linalowajia. Kwa hivyo hadithi ya filla ina damu ndani yake, na si mchezo wa watu wenye fedha za kupoteza.

Mafundi wa jahazi walijua

Jambo hili si geni kwetu. Mafundi wetu wa vyombo vya bahari wamelijua kabla gari la kwanza halijashushwa bandarini. Jahazi lolote lina nafasi baina ya ubao na ubao, na nafasi hizo hutiwa kalafati, yaani pamba iliyolowa mafuta, ikagongwa mpaka ikashikamana. Hakuna nahodha anayeona haya kwamba chombo chake kimetiwa kalafati. Angeona haya kama hakikutiwa. Lakini ubao ukioza, fundi hautii kalafati. Huung'oa akatia mwingine. Fundi ambaye angejaza pamba katika ubao uliooza, akaupaka deheni ukang'aa, kisha akawaacha watu waende nao Lamu, angeitwa muuaji, na wala pasingekuwa na mjadala wa barazani juu yake.

Nyumba zetu za mawe zatufundisha lilo hilo. Kuta za matumbawe zilizojengwa na kupakwa kwa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Anayeona ufa akaukandika saruji nzito huufunga unyevu ndani, na ukuta huoza nyuma ya saruji ile huku uso wake ukipendeza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kweli, lakini ziko njia za kuziba ufa ambazo ndizo zinazouangusha ukuta wenyewe.

Unyevu ndani ya lundo

Kwetu sisi Waislamu jambo hili lina hukumu yake, na haifai tulipite kama kwamba ni la mafundi peke yao. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula kinachouzwa, akatia mkono wake ndani ya lundo, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomwuliza mwenyewe, yule mtu akaeleza kwamba chakula kilinyeshewa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutokiweka kile kilicholowa juu ya lundo watu wakakiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Tulizingatie jambo moja katika kisa hiki. Yule mtu hakulaumiwa kwa kuwa chakula kimelowa. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, nayo humnyea kila mtu. Wala hakukatazwa kukiuza. Alilaumiwa kwa mpangilio wake: kilicholowa chini, kikavu juu. Basi na kutu vilevile si kosa la mtu. Gari la miaka 50 kuwa na kutu katika mji wa bahari ni jambo la kutarajiwa, na kulitengeneza ni jema. Filla iliyotiwa kwa siri juu ya kutu ndiyo nafaka kavu iliyomwagwa juu ya nafaka iliyolowa.

Vilevile katika mafundisho yetu umekatazwa ule ujanja wa kumwacha mnyama siku kadhaa bila ya kukamuliwa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Wanazuoni wa fiqhi wakaweka mlango mzima juu ya aibu ya bidhaa iliyofichwa, wakampa mnunuzi hiari ya kuirudisha akiigundua. Kiwele kilichojazwa na mlango uliojazwa vina tofauti gani? Aliyenunua kwa kutazama umbo la nje amedanganywa na umbo hilo, hata kama muuzaji hakutamka neno moja la uongo. Mkono umesema uongo kwa niaba ya ulimi.

Lawama ya nani?

Hapa wengi watamnyoshea fundi kidole. Watasema mafundi wetu hawana imani, wanapenda mkato, wanaharibu magari ya watu. Wako wa namna hiyo, sikatai. Lakini tukitaka haki, lawama kubwa ni ya sisi wenye magari.

Tazama yanayopita gerejini. Mtu analeta gari ambalo limelala miaka kumi chini ya mwembe. Fundi analizunguka, anagonga hapa na pale, anasema kazi hii itataka wiki tatu, maana sakafu yote ikatwe. Anataja bei. Mwenye gari anashika kichwa. Anataja nusu ya bei ile, tena anataka gari kabla ya Idi, kwa sababu kuna arusi. Fundi ana watoto na kodi ya banda la gereji. Anatazama mkebe wa filla, anatazama mashine ya kuchomelea, na anajua kwamba kwa bei hiyo na siku hizo, mkebe ndio pekee unaowezekana. Mwenye gari naye anajua. Lakini haulizi, kwa kuwa hataki kusikia jawabu. Siku ya kuchukua gari anatazama rangi, anatabasamu, anapiga picha. Nani katika hawa wawili amemfundisha mwenzake uongo?

Ubaya wa pili ni kwamba tunaua ufundi wenyewe. Kijana anayejifunza kunyosha bati kwa nyundo na fuawe anahitaji miaka. Akiona kwamba jirani yake anayejaza filla anamaliza magari matatu wakati yeye hajamaliza moja, na kwamba wateja wanawalipa sawa, atawekaje nyundo mkononi kesho? Ufundi haufi kwa kukosa walimu tu. Hufa pia wateja wanapokataa kulipia tofauti baina ya kizuri na kinachofanana na kizuri.

Wale wanaoikataa filla kabisa nao wana sehemu yao katika uongo huu. Kwa kuifanya neno la aibu wamemfunga mdomo kila mwenye gari. Mtu mwenye filla nyembamba ya halali mahali pawili anaogopa kusema, kwa kuwa akisema bei itaanguka sawa na ya mtu aliyejaza gazeti. Basi naye huapa kwamba ni bati tupu. Tukiwaadhibu wakweli na waongo kwa fimbo moja, tusishangae wakweli wakipungua.

Yafaayo kufanywa

Dawa yake si ngumu, wala haihitaji serikali. Kwanza, mwenye gari amwambie fundi tangu mwanzo kwamba atakuja kulitazama bati likiwa tupu, kabla ya filla, na tena litakapokwisha kuchomelewa, kabla ya rangi. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera mfukoni. Picha chache za bati tupu zina thamani kuliko viapo mia moja, na fundi mwaminifu atafurahi kupigwa picha hizo kwa kuwa ndizo zinazoonyesha jasho lake.

Pili, picha hizo ziende pamoja na gari. Tuzizoee kama tunavyozoea daftari la gari. Muuzaji amwambie mnunuzi: hapa palinyoshwa, pana filla kidogo; hapa palikatwa, pakatiwa bati jipya; na hapa sijapagusa, chunguza mwenyewe. Gari la namna hiyo litapata mnunuzi anayejua anachonunua, na halitarudi na ugomvi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tatu, mnunuzi naye asiwe mzembe. Achukue sumaku ndogo, aifunge kwa kitambaa laini isije ikakwaruza rangi, aipitishe polepole juu ya madigadi, chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Ikishika kwa nguvu, bati liko karibu. Ikilegea, filla ni nene. Ikianguka, hapo pana maswali ya kuulizwa. Ila ajue kwamba Land Rover zile za zamani bodi zao ni za aluminiamu kwa sehemu kubwa, na sumaku haishiki aluminiamu hata ikiwa nzima kabisa. Kwa hizo atazame fremu ya chuma iliyo chini, na mahali aluminiamu inapogusana na chuma, maana hapo chumvi hufanya uharibifu wake. Agonge kwa kifundo cha kidole asikilize: bati hulia, filla hunyamaza. Kisha alale chini atazame upande wa ndani, kwa kuwa aliyelainisha uso wa nje kwa nadra hukumbuka kulainisha mgongo wake. Na akikuta filla asikimbie. Aulize ni ya unene gani, na iko juu ya nini. Mwenye kujibu bila ya kusitasita ni mtu wa kufanya naye biashara.

Nne, na hili ni kwa mafundi wetu. Fundi ana haki ya kukataa. Akiombwa aizibe kwa filla boriti iliyooza ya gari litakalobeba watu, na aseme hapana, amwache mteja aende zake. Atapoteza kazi moja, na atapata jina. Mji wetu si mkubwa hivyo, na habari za fundi asiyeficha husafiri haraka kuliko tangazo lolote.

Magari haya tumeyakuta, na inshallah tutayaacha. Watakaoyarithi watakuja na nyundo zao na kukwangua rangi zetu, na chini yake watatukuta tulivyokuwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na gari, ndugu msomaji, halina subira ya kungoja hata kifo. Mvua moja ya masika yatosha.